Karani Aliyejifunza Kusema Uongo

Kwa miaka thelathini na mmoja, mama mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikaa kwenye meza ndogo chini ya kiti cha hakimu akiandika kila kilichosemwa mahakamani. Shahidi alipolia, aliandika "shahidi analia". Watu walipotukanana, aliandika tusi lote bila kupepesa macho, na ikibidi alinyoosha mkono kuuliza kama neno la tatu lilikuwa na h au halina. Mahakimu sita walikuja wakaondoka, na wote walimwita Mama Nukta, kwa kuwa hakuwahi kuacha sentensi ikining'inia, hata ya mtu aliyekatizwa na ngumi.

Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia: hajawahi kuongeza neno. Wenzake walitia chumvi walipokuwa wakisimuliana kesi wakati wa chai, naye aliwasahihisha mmoja mmoja. Hakusema atamuua, angewaambia huku akikoroga kikombe chake, alisema atamwonyesha. Ndiyo maana meza yake ya chai ilikuwa na nafasi kila siku.

Hata hivyo kulikuwa na kesi moja iliyomkaa kooni miaka kumi na tisa. Mwanamke na mwanamume, majirani, watu wazima wote wawili, walishtakiana kwa ajili ya ukuta. Mwanamume ndiye aliyeujenga. Mwanamke akadai umeingia hatua mbili kwenye kiwanja chake. Kesi ilichukua miezi minane, wakirushiana maneno ambayo Mama Nukta aliyanasa yote. Mwisho mwanamke akashinda. Hukumu ikasomwa, faili likafungwa, watu wakaanza kutoka. Mama Nukta alikuwa akikusanya karatasi zake alipomwona yule mwanamke anarudi kwenye benchi alilokuwa amekaa adui yake, anaokota miwani ambayo mwanamume ameisahau, anaifuta kwa upindo wa nguo yake, kioo kimoja kisha cha pili, halafu anamkimbilia nayo nje.

"Aliifuta kwanza," alimweleza mumewe jioni ile. "Mtu uliyepelekana naye mahakamani miezi minane. Kwa nini umfutie miwani?"

Mumewe, ambaye ni fundi wa majokofu na si mtu wa maneno mengi, alisema labda ilikuwa na vumbi.

Jibu hilo halikumtosha. Kazi ya mahakama ilikuwa na kasoro hiyo moja: watu walimwaga maisha yao yote mbele yake, kisha mlango ukafunguka wakatoka, asijue tena habari zao. Basi siku aliyostaafu, baada ya hotuba na saa ya ukutani na kupigwa picha na hakimu, alirudi nyumbani akatangaza kwamba ataandika riwaya. Ataandika habari ya yule mwanamke na ile miwani, mpaka ajue.

Nyumbani walilipokea vizuri tangazo hilo, yaani walidhani litapita. Mumewe alihamisha milango mitatu ya majokofu na rundo la mabomba kutoka chumba cha nyuma, akamwachia meza na dirisha. Kila asubuhi saa mbili kamili Mama Nukta aliingia chumbani humo amevaa viatu vya kazini, akaketi, akapiga chapa. Ilipofika saa nne alitoka kunywa chai, akarudi. Baada ya wiki tatu alikuwa na kurasa arobaini safi, zenye namba, zisizo na kosa hata la mkato.

Zilianza hivi: "Mnamo siku ya Jumatatu, majira ya saa tatu na dakika kumi asubuhi, mwanamke mmoja, mtu mzima na mwenye akili timamu, aliingia jikoni."

Mumewe alisoma kurasa tisa za mwanzo akiwa amesimama, bisibisi mkononi. Alipomaliza akakuna kidevu kwa mpini wake.

"Huyu mwanamke ameshtakiwa kwa kosa gani?"

"Hajashtakiwa. Ni mhusika mkuu. Yuko jikoni kwake, anapika."

"Ahaa," alisema mumewe. "Nimeona kama anajitetea."

Aliambulia kununiwa siku nzima. Kesho yake Mama Nukta alizichukua kurasa zake mpaka kwa mdogo wake, mshona mapazia mwenye duka pale mtaa wa pili, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, ambaye mchana kutwa alizungumza na pini mdomoni na hakuwahi kumeza hata moja. Mdogo wake alizipokea karatasi kwa mikono miwili, akaziweka chini ya kitambaa kando ya cherehani, akaahidi kuzitazama. Siku ya pili alizirudisha. Alisema ni nzuri sana, na maandishi yamenyooka. Mama Nukta alibaki akijiuliza, maana hakuna maandishi ya mashine yasiyonyooka.

Ndipo akasikia kwamba maktaba ina kikundi cha waandishi kinachokutana Jumamosi alasiri kwenye chumba cha magazeti. Mkutubi aliyekiongoza alikuwa binti wa umri wa kitindamimba wake, mpole wa sauti lakini asiyedanganyika. Wengine walikuwa watu wanne: watatu walikuja zaidi kusikiliza, na wa nne ni muuza nyama mwenye mikono kama magogo, ambaye aliandika hadithi za mapenzi tu, na katika hadithi zake hakuna aliyeweza kufungua dirisha bila kushusha pumzi.

Mama Nukta alisimama kusoma, kwani mahakamani husomwa kwa kusimama. Alichagua sehemu aliyoiona ina hisia kali kuliko zote, pale mwanamke na mwanamume wanapokutana kando ya ukuta.

"Alipoulizwa na mwanamume kama bado anamkumbuka," alisoma, "mwanamke alijibu kuwa ndiyo. Alipoulizwa tangu lini, alijibu kuwa hakumbuki tarehe kamili."

Muuza nyama alikohoa, akatazama dari. Mkutubi akauliza kwa adabu zote, "Mama, huyu mwanamke hapa anawaza nini?"

"Sijui, mwanangu. Sikuwa kichwani mwake."

"Lakini mama, ni wewe uliyemtengeneza. Kama wewe hujui, tumuulize nani?"

Swali hilo lilimfanya aketi. Alieleza kwamba yeye ameandika kile ambacho kingeweza kuthibitishwa, na mengine angekuwa anazua. Mkutubi akamwambia ndiyo hasa, kazi ya hapa ni kuzua, na akampa zoezi: kila siku kwa mwezi mzima aandike uongo mmoja. Mdogo tu, wa sentensi moja, lakini auandike kana kwamba ameuona kwa macho yake.

Hakulala vizuri kwa ajili ya zoezi hilo, maana mtu aliyeishi miaka sitini bila kuongeza chumvi hawezi kuchota kijiko kizima kwa mara moja. Siku ya kwanza aliandika, "Leo paka wetu amekaa juu ya meza." Akaitazama sentensi, akaifuta, kwa sababu hawana paka. Siku ya pili aliandika kwamba paka wa jirani amekaa juu ya meza ya jirani, jambo ambalo aliliona linawezekana. Siku ya tano akaandika, "Asubuhi hii jirani alitusalimia kwa furaha," akampelekea mumewe. Fundi akaisoma akiwa kichwa ndani ya jokofu.

"Huo sasa ni uongo mkubwa," alisema, na Mama Nukta akarudi chumbani akiwa amevimba kichwa.

Kidogo kidogo mkono ukalegea. Wiki ya tatu aliandika uongo wa nusu ukurasa kuhusu hakimu aliyekuwa akificha karanga kwenye joho lake, akacheka peke yake hadi mumewe akachungulia. Mwisho wa mwezi alizichukua zile kurasa arobaini zilizonyooka, akazifungia kwenye bahasha, akaanza upya. Safari hii mwanamke alikuwa tayari jikoni, hakuna aliyeandika ameingia saa ngapi, na alikuwa na hasira. Ili hasira ipate sura, Mama Nukta aliazima vitu viwili kwa mdogo wake: kuzungumza na pini mdomoni, na kuhesabu makosa ya watu kwa vidole kuanzia kidole kidogo.

Kisha akafika kwenye swali lenyewe. Kwa nini mtu amfutie adui miwani? Aliliandikia majibu manne, akayatupa yote. La tano lilimjia asubuhi moja ya Jumanne, likamjia zima, kama mtu anayeingia bila kubisha hodi. Hawa wawili walikuwa wachumba zamani, kabla ya ukuta. Mwanamke hakusoma sana. Siku moja, mbele ya watu wa ukoo wa mwanamume, akapewa barua aisome kwa sauti, akakwama kwenye neno la tatu. Mchumba wake akaichukua barua mkononi mwake polepole, akatabasamu, akaisoma yeye hadi mwisho. Hakumcheka. Hakumsema. Na ni upole huo ambao mwanamke hakuweza kuusamehe. Kesho yake akavunja uchumba bila kumwambia mtu sababu.

Aliiandika sura hiyo yote kwa siku tatu, kurasa thelathini na moja, akala chakula cha mchana amesimama. Halafu akakumbuka habari ya pini na vidole. Ingekuwa si adabu kumtumia mdogo wake bila kumtaarifu. Akazipeleka kurasa dukani, akamwambia asome na aseme kama kuna kitu kinachomuudhi, atakitoa.

Wiki ikapita kimya. Ya pili nayo ikaanza hivyohivyo. Mdogo wake, ambaye kwa kawaida hakumaliza siku mbili bila kupita kuulizia hali ya shemeji yake na kufungua masufuria, hakuonekana hata kivuli. Mama Nukta alipita mbele ya duka mara mbili akijifanya ana safari. Mara zote mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa. Akamtuma mumewe kwa kisingizio cha kuulizia pazia la chumba cha nyuma. Fundi akarudi na ujumbe mfupi: anasema ana kazi.

"Ameona zile pini," Mama Nukta alisema, mikono kichwani. "Nimemdhalilisha ndugu yangu kwa sababu ya pini."

Siku ya kumi na tano, saa tano asubuhi, mdogo mtu alitokea. Kurasa zilikuwa zimefungwa kwenye kipande cha bitana, kingo zimechakaa kama zimesafiri. Alikaa kwenye stuli ya fundi, bila pini hata moja mdomoni, na hilo pekee lilitisha.

"Dada, nani alikwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Habari ya ile barua."

Mama Nukta alisema hakuna barua, ametunga. Mdogo wake akakataa.

"Wewe hujawahi kutunga kitu maishani mwako."

Hapo Mama Nukta akaanza kuelewa. Kwao walizaliwa mabinti wawili tu. Mama yao alipougua, mmoja ilibidi abaki nyumbani kumwuguza, na aliyebaki alikuwa mdogo, darasa la nne, huku mkubwa akiendelea mpaka akapata ukarani. Baadaye yule mdogo akachumbiwa na mpima ardhi mmoja, mtu safi, kila mtu akampenda. Jumapili moja akavunja uchumba. Alisema simtaki tena, basi, na kwa miaka ishirini na minne hakuna aliyepata neno lingine kwake. Watu walibuni sababu zao wakachoka.

"Ilikuwa kwa mjomba wake," mdogo mtu alisema. "Barua imetoka kwa ndugu yao aliye mbali. Wakasema bibi harusi atusomee. Nikakwama. Akaichukua mkononi mwangu, hivi, kama mtu anayempokonya mtoto kisu." Akafunua ukurasa. "Lakini hapa umekosea. Umeandika alitabasamu. Angetabasamu ningemrushia kikombe, na tungeoana mwaka uleule. Hakutabasamu. Alikohoa tu, akaendelea kusoma."

Kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, mkono wa Mama Nukta ukaenda wenyewe kwenye kalamu, akauliza kama hayo yalitokea kabla ya chakula au baada.

"Usianze," alisema mdogo wake.

Akaiweka kalamu. Akasema hakujua. Akasema pia jambo ambalo hakuwa amelisema tangu wakiwa wasichana, kwamba nafasi ile ya shule ilikuwa ya wote wawili naye ndiye aliyeichukua, na amekuwa akilijua hilo kila siku aliyokwenda kazini. Mdogo wake akajibu kwamba na yeye analijua, alikuwepo, na kwamba mama aliuguzwa vizuri kuliko ambavyo mtu mwenye haraka ya kufika mahakamani angemwuguza. Kule uani fundi alikuwa akigonga bomba taratibu sana, kama mtu anayesikiliza.

Mama Nukta akasema sura hiyo ataitoa leo hii.

"Ukiitoa hatutasalimiana," mdogo wake alisema. "Rekebisha tu ile sehemu ya tabasamu. Na nimechelewa kwa sababu ni kurasa thelathini na moja, Dada. Ulitaka nizisome kwa siku ngapi? Na hayo maneno yako marefu kama foleni."

Kumbe mlango wa duka ulirudishwa ili asionekane akisoma, kidole chini ya mstari, neno baada ya neno. Zile kurasa arobaini za mwanzo hakuzisoma hata moja; alizitazama tu, na kweli zilikuwa zimenyooka.

Tangu siku hiyo riwaya ilipata hakimu mwingine. Kila sura ilipelekwa dukani na kurudi baada ya siku kumi ikiwa imejaa pini. Pini moja ilimaanisha sikuelewa hapa. Pini mbili zilimaanisha sikuamini hapa. Mwanzoni kurasa zilirudi kama nungunungu. Fundi alizishika bila kuangalia, akachomwa kidole gumba, akasema ndiyo mara ya kwanza hadithi kumtoa damu. Mama Nukta alibishana pini kwa pini. Lakini alianza kufupisha maneno yake, na kila alipofupisha, mkutubi pale maktabani alitikisa kichwa kwa kukubali, na muuza nyama akashusha pumzi mahali panapostahili. Mdogo mtu naye alizidi kusoma haraka. Siku kumi zikawa nane, kisha nne.

Kilichokataa ni mwisho. Kila alipoufikia, ukarani ulimrudia, akawagawia watu haki zao: huyu alipe, huyu asamehewe, ukuta ubomolewe, pande zote zimeridhika. Ukurasa wa mwisho ulirudi na pini nyingi hata haukukunjika. Akaandika mwisho mwingine ambamo wawili wale wanaoana. Mdogo wake akauliza kama mwandishi ana homa. Akaandika wa tatu ambamo mwanamume anafariki, na muuza nyama akalia hadi wakasitisha kikao, lakini mkutubi akasema muuza nyama hulia hata kwa tangazo la sabuni.

Mwisho wa sita uliandikwa Jumatano moja saa nne kasoro, miaka miwili na miezi minne tangu mwanamke yule mwenye akili timamu aingie jikoni. Ndani yake hakuna aliyeshinda. Mvua inanyesha, maji yanatoka upande mmoja wa ukuta kwenda mwingine, na wazee wawili, kila mmoja na mwavuli wake, wamesimama wakibishana mfereji uchimbwe wapi, na msomaji anaona wazi kwamba watabishana hivyo mpaka watakapozikwa na hakuna atakayewatenganisha. Mama Nukta alisoma mara mbili. Hakupata pa kuongeza. Akatoka uani, akamwambia mumewe kitabu kimekwisha.

Fundi alikuwa akijaribisha jokofu kubwa, limeanza kunguruma. Alilizima.

"Wote wazima?"

"Wazima."

Akafuta mkono kwenye suruali, akampa, kama mtu anayempongeza hakimu mpya. Ukurasa wa mwisho ulirudi kutoka dukani jioni ileile, na haukuwa na pini.

Mchapishaji wa kwanza hakujibu. Wa pili aliandika kwamba lugha ni safi lakini kwa sasa hawana nafasi, na Mama Nukta akamrudishia barua yake ikiwa imesahihishwa mikato miwili. Wa tatu, kampuni ndogo ya watu watatu na mashine moja, walikikubali, wakakitoa baada ya mwaka. Hakikumfanya awe mtu mashuhuri. Kilisomwa mtaani, maktaba ikakinunua nakala mbili, na katika miezi sita ya kwanza kiliazimwa mara kumi na tisa, tano kati ya hizo na muuza nyama. Fundi alikisoma chote kwa wiki nne, kurasa chache kila baada ya chakula cha mchana, akasema ni kitabu kizuri sana ila ukuta wa namna ile, kwa saruji ile, usingefika mwaka. Mdogo mtu hakumwambia mtu yeyote kwamba habari ya barua ni yake, lakini alikiweka kile kitabu juu ya meza ya kukatia vitambaa, mahali ambapo kila mteja ilimbidi akisogeze, na mwenyewe akiulizwa kama amekisoma, alijibu kwamba amekisoma kabla hakijawa kitabu.

Taabu iliyobaki ni majirani. Watu waliokuwa wakizungumza naye kawaida sasa huzungumza kama wanatoa ushahidi, wakichagua maneno, na wengine humsimamisha barabarani kumweleza maisha yao tangu kuzaliwa, wakimalizia kwamba si lazima ayaandike, lakini akitaka wao hawana kinyongo. Yeye husikiliza wote. Akifika nyumbani huandika yale ambayo hawakuyasema, kwa wingi, bila aibu, na dhamiri yake hulala usingizi mzuri.

Hivi sasa yuko sura ya nne ya kitabu cha pili. Kinahusu muuza nyama anayempenda mtu. Kwa kuwa amejifunza adabu, alimwomba ruhusa mhusika mwenyewe kabla ya kuanza, pale kwenye chumba cha magazeti. Muuza nyama alifikiri, mikono ile mikubwa ikiwa juu ya magoti, akakubali kwa sharti moja, kwamba kitabuni apunguzwe tumbo. Mama Nukta alimwahidi atampunguza. Hajampunguza bado.